Mabao Saba ya Msabah

Kila mwaka, kabla ya fainali ya Kombe la Msabah, Abdulwahid Jecha huomba kipaza sauti, hukohoa mara mbili, halafu husimulia namna babu yake alivyokufa. Watu wa Mtoni wameshaisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka watoto waliokaa mstari wa mbele huisema pamoja naye.

Msabah Jecha alikuwa golikipa wa timu ya Bandarini mwaka 1951, wakati ambapo wengi walikuwa wakicheza miguu mitupu. Fainali ilikuwa baina yao na timu ya Makarani. Dakika ya mwisho Makarani wakapewa penalti, na mpigaji alikuwa mtu wa miraba minne ambaye kila mtu alimuogopa. Akapiga. Msabah akaupokea mpira kifuani, akaukumbatia, akaanguka nao, na hakuinuka tena. Waliojaribu kuutoa mpira mikononi mwake walishindwa. Hapo Abdulwahid hunyamaza kidogo, na akina mama waliokaa kivulini hufuta macho. Wapo wanaosema kuwa alizikwa nao. Abdulwahid mwenyewe hilo halisemi. Huliacha lisemwe na wengine.

Mwaka huu alitaka kitu cha ziada. Kombe lilikuwa linatimiza miaka ishirini, na yeye ndiye mwenyekiti. Akaamua kwamba jezi za timu zote nne ziandikwe mgongoni, juu ya namba, jina la Msabah Jecha na tarehe aliyokufa. Kazi hiyo akampa Shemsa, binti wa marehemu kaka yake, mwenye duka la kushona Mkunazini na mashine ya kubandika maandishi kwenye vitambaa.

Shemsa alikuwa na miaka thelathini na minne, mwepesi wa kucheka, lakini kwenye kazi yake hakuwa na mchezo. Herufi ikishashika kwenye jezi haitoki, na ukiilazimisha inaondoka na kitambaa. Kwa hiyo akamuuliza ami yake tarehe hasa. Abdulwahid akamjibu kuwa ni 1951. Shemsa akamuuliza siku. Ijumaa, akasema Abdulwahid. Ijumaa gani? Abdulwahid akaeleza kuwa Ijumaa gani hajui, lakini mtu kama yule hawezi kuwa alikufa siku nyingine, na kwamba yeye Shemsa ndiye anayekaa mjini karibu na ofisi zote, basi atafute.

Cheti hakikuwepo. Wazee wa mtaani aliowauliza Shemsa walimsimulia penalti, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyekuwa na tarehe. Aliyemsaidia ni mwalimu mmoja, Fathiya, aliyekuja dukani kupima gauni. Huku amenyoosha mikono apimwe, akamwambia kwamba kule Nyaraka, Kilimani, kuna magazeti ya zamani yaliyofungwa pamoja mwaka kwa mwaka, na kwamba magazeti ya siku hizo yalikuwa yakiandika kila kitu, mpaka nani amerudi kutoka Hija na nani kapotelewa na punda. Golikipa aliyekufa uwanjani hawezi kukosa.

Jumatatu Shemsa akafunga duka saa tatu asubuhi akaenda Kilimani.

Aliyempokea alikuwa Bwana Anuar, mtu wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni na aliyezungumza kwa sauti ya chini kama vile makaratasi yamelala. Akampa penseli, akamwekea kalamu yake kando kwani wino hauruhusiwi humo, akamuuliza anatafuta nini. Shemsa akasema anatafuta kifo cha baba wa babu yake. Anuar akauliza ni kifo cha maradhi au cha ajali, ili ajue pa kuanzia.

"Alikufa akidaka penalti," Shemsa akasema.

Anuar akamtazama kidogo, akaandika kwenye kikaratasi chake: michezo.

Akamletea buku kubwa lililofungwa kwa ngozi iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na gazeti la Mwangaza wa Wiki la mwaka mzima wa 1951. Lilikuwa likitoka kila Ijumaa, kurasa nne, mbili kwa Kiswahili, moja kwa Kiingereza na moja kwa Kigujarati. Kwa kuwa Shemsa hakujua mwezi, alianza na Januari.

Siku ya kwanza hakufika mbali. Kosa halikuwa la gazeti. Kila alipogeuza ukurasa alikuta kitu. Alikuta tangazo la baiskeli lililosema kuwa mwenye baiskeli hiyo hatachelewa kazini tena maishani mwake. Alikuta dawa moja inayotibu kikohozi, mgongo, huzuni na kutosikia. Halafu akakuta ugomvi wa barua baina ya mtu wa Malindi na mtu wa Vuga kuhusu jogoo anayewika saa nane za usiku. Barua zilianza kwa adabu mwezi wa Februari, na ilipofika Machi waheshimiwa hao walikuwa wameshatukaniana mpaka mababu. Shemsa akazisoma zote, akarudi nyuma kusoma ya kwanza tena, na Anuar alipokuja kumwambia kuwa wanafunga, ndio kwanza alikuwa Aprili.

Siku ya pili akajikaza. Akayapita matangazo bila ya kuyaangalia, akaupita mwezi wa Mei, akaupita mwezi wa Juni uliojaa habari za Ramadhani na bei ya tende, na kwenye gazeti la Ijumaa ya tarehe 27 Julai, ukurasa wa tatu, akaliona jina. Akasogeza kiti na kusoma.

"MAKARANI 7, BANDARINI 0. Fainali ya kombe ilichezwa Jumamosi iliyopita katika kiwanja cha Mnazi Mmoja mbele ya watu wengi sana. Waliokuja kuona mashindano waliona mavuno. Golikipa wa Bandarini, Bwana Msabah Jecha, alikuwa mwenyeji mwema, na kila aliyebisha hodi alikaribishwa ndani. Bao la tatu lilipita baina ya miguu yake, na la tano alilisindikiza mwenyewe. Mchezo ulikwisha salama na hakuna aliyeumia."

Shemsa akasoma mara ya pili, halafu ya tatu, akitafuta penalti. Haikuwepo. Akalifunga buku nusu, kidole kikiwa ndani, akatazama huku na huku. Chumbani mlikuwa na mzee mmoja tu aliyeinamia ramani za mashamba, na hakuwa na habari naye. Hata hivyo Shemsa aliona haya, kama vile mabao yale kafungwa yeye.

Anuar akapita, akamuuliza kama amepata. Shemsa akamwonyesha kwa kidole. Anuar akavaa miwani, akasoma polepole, akafika pale pa bao la tano, akarudia kwa sauti yake ya chini, "Alilisindikiza mwenyewe." Mabega yakaanza kumtikisika. Akaomba radhi, akaenda nyuma ya makabati, na Shemsa akamsikia akikohoa kwa muda mrefu. Na yeye hapo hakuweza tena kujizuia. Akaweka uso kwenye ukaya aliojitanda akacheka mpaka mzee wa ramani akageuka.

Anuar aliporudi, uso wake ulikuwa umeshatulia. Akamwambia kwa upole kuwa gazeti linasema mchezo ulikwisha salama, kwa hiyo huyo bwana alitoka uwanjani mzima. Kilichobaki ni kuendelea mbele.

Akaendelea mbele. Gazeti la tarehe 3 Agosti lilikuwa na barua ya msomaji aliyejiita Mpenda Mpira. Huyu alishauri kuwa Bandarini wasimamishe ubao golini, kwani ubao nao hausogei lakini angalau ni mpana. Shemsa akaichukia barua ile. Alikwishakuwa upande wa Msabah bila ya kujijua. Kwa hiyo alipofungua gazeti la tarehe 10 na kukuta kuwa Bandarini wametoka sare ya bao moja kwa moja na timu ya Bububu, na kwamba "Bwana Msabah alidaka kwa ushujaa, na waliokuja kumcheka walirudi kimya," alifurahi kama mtu aliyekuwepo uwanjani. Akamwita Anuar aje aone. Anuar akaja, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Habari ya tarehe 17 Agosti ilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa pili, ndani ya mstari mweusi.

"TANZIA. Tumepata kwa huzuni habari ya kufariki Bwana Msabah Jecha, golikipa wa Bandarini, siku ya Jumanne tarehe 14 Agosti, sawa na 11 Mfunguo Pili, nyumbani kwake Mtoni. Marehemu aliteremka kisimani kumtoa mbuzi wa jirani yake, Bi Sichana. Mbuzi alitolewa salama. Marehemu alipokuwa akivutwa kuja juu, kamba ilikatika. Maziko yalihudhuriwa na watu wengi, na jeneza lilibebwa kwa zamu na wachezaji wa Bandarini na wa Makarani. Ameacha mjane na watoto wawili. Mungu amrehemu."

Shemsa aliyekuwa akicheka nusu saa iliyopita sasa machozi yalimtoka, na hakuelewa kwa nini, maana mtu huyu alikufa kabla hata baba yake hajazaliwa. Anuar akalisogeza buku kidogo ili lisirowe, ndipo akamletea kitambaa cha karatasi. Shemsa hakuwa na kibali cha kupiga picha, kwa hiyo akanakili habari zote nne kwa penseli, neno kwa neno, hata barua ya Mpenda Mpira.

Njia nzima ya kwenda Darajani, ambako ami yake ana duka la rangi za nyumba, Shemsa alikuwa akipanga maneno. Alipofika aliamua kuanza na lile alilotumwa. Akasema tarehe imepatikana, ni kumi na nne Agosti, Jumanne.

"Jumanne," akasema Abdulwahid, kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

Shemsa akampa karatasi. Abdulwahid akaanza kusoma amesimama, akamaliza amekaa. Mteja mmoja aliingia, akaulizia rangi nyeupe mara mbili, akatoka. Kisha Abdulwahid akasema kwamba huyu ni Msabah mwengine. Shemsa akamwonyesha: Mtoni, Bandarini, mjane na watoto wawili. Abdulwahid akafikiri. Akauliza gazeti hilo lilikuwa likiandikwa na nani, akajijibu mwenyewe kuwa siku zile waliokuwa na kazi ya kuandika ni makarani, na karani lazima aandike kuwa makarani wameshinda saba. Halafu akaigeuza karatasi, akaitazama kwa karibu.

"Na huu si mwandiko wako huu?"

Shemsa akamwambia kuwa Kilimani si mbali, waende wote akajionee. Abdulwahid hakutaka kwenda Kilimani. Akasema yupo mtu wa kulimaliza jambo hili, naye ni shangazi yake, Bi Tahiya, binti wa Msabah mwenyewe, ambaye baba yake alipokufa alikuwa na miaka tisa. Akafunga duka kabla ya adhuhuri, jambo ambalo majirani zake hawakuwahi kuliona, akampakia Shemsa nyuma ya vespa, wakashika njia ya Bububu.

Bi Tahiya alikuwa na miaka themanini na kitu, na alikuwa bado akikaa kwenye nyumba ile ile ya Mtoni aliyozaliwa. Walimkuta uani, ungo mapajani, akichagua mchele. Wakamwamkia, akawaitikia marahaba, akamuuliza Shemsa ataolewa lini, akamuuliza Abdulwahid habari za presha. Abdulwahid akaenda kukaa mahali pake pa siku zote, kwenye jukwaa la saruji pembeni mwa ua, akaanza kuzunguka maneno. Akasema watu siku hizi wanatafuta mambo kwenye magazeti. Akasema magazeti yana uongo mwingi. Akasema kuna gazeti moja limeandika kuwa babu hakufa mpirani, eti kafa kisimani.

Bi Tahiya akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Kisima si hicho hapo umekikalia," akasema.

Abdulwahid akainuka. Akalitazama jukwaa la saruji ambalo amelikalia kila Idi tangu utoto wake, akasogea hatua mbili, akabaki amesimama, mikono hajui aiweke wapi. Shemsa akampisha kwenye mkeka.

Bi Tahiya akawasimulia, na wakati wote alikuwa akichagua mchele. Siku hiyo ilikuwa baada ya alasiri. Bi Sichana, jirani yao, mjane, alikuwa na mbuzi mmoja tu, na mbuzi huyo akaruka ukingo akatumbukia. Kisima hakikuwa na maji mengi, ndiyo maana mbuzi hakufa, alikuwa analia tu humo chini. Baba yake alikuwa ndio kwanza amerudi kazini bandarini. Akavua kanzu akateremka. Akamfunga mbuzi kamba, wakamvuta, akatoka. Akajifunga yeye. Alipofika karibu na juu, kichwa chake wameshakiona, na alikuwa anacheka kwa sababu mbuzi alikuwa amemkojolea, kamba ikakatika.

Abdulwahid akawa wa kwanza kuuliza.

"Na mabao saba, shangazi?"

Bi Tahiya akacheka, cheko dogo la puani. Akasema ndiyo, yalikuwa saba, mji mzima ulijua. Lakini baba yake siku hiyo alirudi nyumbani akala sahani mbili za wali, na mke wake alipomuuliza vipi mpira, akamjibu, "Wamepiga manane. Moja nimelidaka." Wakacheka mpaka usingizi. Baba yake hakuwa mtu wa kuona haya kwa jambo dogo.

Aliyeona haya alikuwa mdogo wake Bi Tahiya, Jecha, baba yake Abdulwahid, aliyekuwa na miaka sita. Watoto wenziwe chuoni, walikokuwa wakisoma Kurani, walimpa jina la Msabah wa Saba. Baba yao alipokuwa hai, Jecha alikuwa akirudi analia, na Msabah anampigia ngoma kwa mdomo mpaka kilio kinageuka kicheko. Baada ya maziko watoto hawakuacha. Watoto ndivyo walivyo, akasema Bi Tahiya, hata wa siku hizi. Jecha akagoma kwenda chuoni. Akakaa ndani siku nne, hasemi na mtu. Siku ya tano mama yao, Bi Mwanamkasi, akamkogesha, akamvisha kanzu safi, akamkalisha mapajani. Akamwambia kuwa baba yake alidaka penalti ambayo hakuna mtu mwengine Unguja angeidaka, na kwamba alikufa ameishika. Akamwambia akawaambie hivyo watoto wenziwe. Jecha akaenda, akawaambia. Nani angembishia yatima wa wiki mbili? Jina la Saba likaisha.

"Hadithi ile ilikuwa ya mtoto mmoja," akasema Bi Tahiya. "Mama hakuwahi kumsimulia mtu mwengine."

Abdulwahid alikuwa amekaa kitako kwenye mkeka sasa, kofia mkononi.

"Kwa hiyo baba alikufa hajui?"

"Hajui vipi? Kisima kipo uani. Alikuwepo, kamshika mama kanga." Bi Tahiya akaweka ungo chini. "Alipokuwa mtu mzima, keshaoa, alikuja siku moja akakaa hapo ulipokaa. Akanambia, dada, ile ya penalti tuiache. Nikamwambia tuiache. Basi."

Abdulwahid akamuuliza kwa nini miaka ishirini yote ya kombe hakusema. Bi Tahiya akasema hakuna aliyemuuliza. Wanakuja kwake Idi, wanakula, wanaulizia dawa ya mgongo, wanaondoka. Na uwanjani haendi, kwa sababu anajua akimsikia mtoto wa Jecha anasimulia ile habari kwenye kipaza sauti, yeye atacheka mbele za watu, na ataonekana hana adabu.

Kisha akataka asomewe hilo gazeti limesema nini hasa. Shemsa akamsomea habari zote kwa mfuatano. Kwenye barua ya Mpenda Mpira, Bi Tahiya akasema anamjua ni nani, alikuwa fundi saa wa Hurumzi, na yeye mwenyewe alikuwa hajui hata kuupiga mpira. Shemsa akaingia kwenye tanzia. Alipokaribia mwisho, Bi Tahiya akamnyooshea mkono asite.

"Rudia hapo. Pa jeneza."

Shemsa akarudia. Jeneza lilibebwa kwa zamu na wachezaji wa Bandarini na wa Makarani.

"Na wa Makarani," akasema Bi Tahiya.

Akaeleza kuwa wao walikuwa ndani na wanawake. Walisikia tu sauti za wanaume zikitoka mlangoni na kwenda mbali. Mama yake alikufa na uchungu mmoja, kwamba wale waliomfunga mumewe na kumcheka hawakuja hata kutoa mkono wa pole. Bi Tahiya na yeye aliamini hivyo miaka sabini na zaidi. Akaomba asomewe tena mara ya tatu, halafu akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kitambaa alichofungia vitu vyake. Shemsa hakumwambia kuwa hana nakala nyengine. Kesho yake alirudi Kilimani akanakili upya.

Siku tatu zikapita Abdulwahid hajapiga simu. Jezi zilikuwa tayari zimeshonwa, zimepangwa juu ya meza, migongo mitupu. Siku ya nne akapiga. Akasema aandike kumi na nne Agosti 1951. Shemsa akamuuliza kuhusu hotuba, kama ataisimulia kama kawaida. Abdulwahid akajibu kuwa hajui. Akasema usiku anaanza kujisimulia ile ya kisima na anaona haina mahali pa kunyamaza.

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Bi Tahiya aliletwa kwa gari ya jirani, akawekewa kiti cha plastiki kivulini pamoja na akina mama, na wengi walidhani amekuja kwa ajili ya miaka ishirini. Anuar alikuja pia, amevaa shati la mikono mifupi, na Shemsa nusura asimtambue bila ya miwani kifuani. Abdulwahid akaomba kipaza sauti, akakohoa mara mbili. Watoto wa mstari wa mbele wakajiweka tayari.

"Babu yangu, Msabah Jecha, alifungwa mabao saba," akasema.

Watoto wakakosa la kufuatisha. Watu wakatazamana. Abdulwahid akatoa karatasi mfukoni, akawasomea habari ya mchezo kama ilivyoandikwa, na alipofika kwa mwenyeji mwema uwanja ukaanza kucheka, na kwenye bao la tano hata refa alikaa chini. Abdulwahid akawangoja wamalize. Kisha akawasimulia sare ya Bububu, na watu wa Bububu waliokuwepo wakapiga makofi. Kisha akasimulia habari ya mbuzi, polepole, bila ya kupandisha sauti, na akina mama wakafuta macho mahali ambapo hawakuzoea. Mwisho akasoma nani walibeba jeneza. Ya penalti hakuitaja, wala hakusema aliitoa wapi, na baadaye mtu mmoja alipomuuliza, alijibu kuwa ile ilikuwa ya watoto.

Akatangaza pia zawadi mpya. Kuanzia mwaka huu, golikipa atakayefungwa mabao mengi kuliko wote kwenye mashindano atapewa glavu mpya, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuzihitaji zaidi. Alizipata Wakil, kijana mrefu wa timu ya mwisho, aliyefungwa tisa katika michezo mitatu. Alitoka katikati ya wenziwe akijifunika uso kwa jezi, na kelele alizopigiwa zilikuwa nyingi kuliko za mabingwa. Bi Tahiya alimkabidhi mwenyewe, akamwambia avae azijaribu kama zinamtosha. Zilimtosha.

Watu walipoanza kuondoka, Abdulwahid na Shemsa walibaki kukusanya viti. Shemsa alikuwa akiongea kuhusu hitima, kwamba mwakani waisome kwa tarehe yake ya Kiislamu, kumi na moja Mfunguo Pili, palepale nyumbani Mtoni. Abdulwahid akakubali, lakini mawazo yake yalikuwa mahali pengine. Akaweka kiti juu ya kiti.

"Baba alipokuwa akinisimulia," akasema, "akifika pale penye penalti alikuwa anageuza uso anatazama ukutani. Kila mara. Mimi nikidhani analia."

"Labda alikuwa anacheka, ami."

Abdulwahid akachukua kiti kingine.

"Labda," akasema. "Nenda kamwambie shangazi gari iko tayari."